Picha Niliyopigwa Kabla ya Kurejeshewa Titi

Picha ya kwanza niliyompelekea daktari wa upasuaji haikumfaa kwa lolote, ingawa nilikuwa nimeitunza kwa zaidi ya miaka mitatu ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu Chumbageni, nikiamini kwamba siku ya kurejeshewa titi ikifika hiyo ndiyo itakayonitangulia. Ilikuwa siti skani ya kifua na tumbo niliyopigwa Dar es Salaam mwaka 2018, mara tu baada ya kubainika kwamba uvimbe wa titi langu la kushoto ni saratani, kwa sababu madaktari walitaka kujua kama ugonjwa umekwisha kufika kwenye ini au mapafu. Haukuwa umefika. Kwa kazi hiyo picha ile ilitosha kabisa. Kosa lilikuwa langu mimi kudhani kwamba picha ya tumbo ni picha ya tumbo, na kwamba aliyekwisha kupigwa moja hana haja ya nyingine.

Nayaandika haya kwa ajili ya wanawake wa hapa Tanga na kwingineko ambao wameondolewa titi na wanafikiria kurejeshewa jingine kwa kutumia mwili wao wenyewe. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi, si tabibu, na yote ninayoyaeleza kuhusu tiba nimeyapata kwa kuuliza, kurudi kuuliza, na kulala juu ya meza ile ya kupigiwa picha.

Niliondolewa titi lote, nikapata tibakemikali kwa miezi kadhaa, kisha mwaka 2019 nikapigwa mionzi Ocean Road, katika majengo yale ya zama za Wajerumani yanayotazama bahari, ambako tangu mwaka 1996 pamekuwa Taasisi ya Saratani. Niliporudi Tanga nilishona vifuko viwili vya kitambaa cha pamba, nikavijaza sufi ya msufi wa jirani, nikawa navivaa kwa zamu ndani ya sidiria. Sufi ni nyepesi mno. Kila nilipoinua mkono kuandika ubaoni sidiria ilipanda upande wa kushoto, nami nikajizoeza kuandika sehemu ya chini ya ubao tu, mpaka watoto wa viti vya nyuma wakaanza kusimama ili waone. Nikaongeza mtama ili kifuko kipate uzito, lakini joto la Februari hapa pwani linajulikana, na mtama uliolowa jasho huanza kunuka uchachu hata kabla ya kengele ya mapumziko.

Wapo watu, wakiwamo wa karibu yangu, walioniambia kwamba mwanamke wa miaka 49 aliyenusurika hana sababu ya kutafuta titi tena, na kwamba huko ni kumkufuru Mungu aliyemponya. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao sasa. Mtu aliyevunjika mguu hasemwi kwa kutaka kutembea sawasawa, na mimi nilitaka kuinua mkono wangu darasani bila kukumbuka kifua changu.

Njia za kurejesha titi ziko kadhaa. Ipo ya kuweka mfuko wa silikoni, ambayo mara nyingi haifanyi vizuri kwenye kifua kilichopigwa mionzi, kwa sababu ngozi ya pale hukakamaa na kupoteza unyumbufu wake. Ipo ya kuzungusha msuli wa mgongoni ukaletwa mbele. Na ipo ya kuchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, kuyaondoa tumboni pamoja na mishipa yake ya damu, kuyahamishia kifuani, na kuiunga mishipa hiyo na mingine iliyo nyuma ya mbavu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele na chini ya hadubini. Hii ya mwisho ndiyo niliyoshauriwa, na madaktari huiita DIEP kwa herufi nne za jina refu la mshipa unaohusika.

Nilipenda kujua kitu hiki kilitoka wapi. Mwaka 1982 daktari Carl Hartrampf na wenzake wa Marekani walieleza namna ya kujenga titi kwa ngozi na mafuta ya tumbo, lakini wao walichukua na msuli wa tumbo, kwa sababu mishipa inayolisha mafuta hayo hupita ndani ya msuli huo. Gharama yake ilikuwa tumbo kubaki dhaifu, na wengine kupata ngiri. Mwaka 1989 Isao Koshima na mwenzake wa Japani walionyesha kwamba ngozi na mafuta ya tumbo vinaweza kuishi bila msuli, ikiwa mpasuaji atauchambua ule mshipa kutoka katikati ya nyuzi za msuli na kuuacha msuli mahali pake. Mwaka 1994 Robert Allen na Claude Treece wa Marekani wakaandika juu ya matumizi ya njia hiyo kujengea matiti.

Sasa ugumu wote uko katika huo mshipa. Ateri kubwa, yaani mshipa unaoleta damu kutoka kwenye moyo, huanzia kwenye kinena, hupanda nyuma ya msuli wa tumbo, kisha hutoa matawi madogo yanayoutoboa msuli na kutokeza juu kwenye mafuta. Matawi hayo hayako mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa mwanamke mmoja tawi lenye nguvu liko karibu na kitovu, kwa mwingine liko mbali nacho. Kwa mmoja limepita msulini moja kwa moja, kwa mwingine limejipinda ndani ya nyuzi kwa sentimita kadhaa kabla ya kutokeza. Na hata kwa mwanamke huyohuyo upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Zamani mpasuaji alitegemea kifaa cha dopla, kalamu ndogo inayotoa sauti ya damu ikipita, lakini dopla humwambia kwamba hapa pana mshipa bila kumwambia mshipa huo ni mnene kiasi gani, unatoka wapi na umepita njia ipi. Mengine aliyajua akiwa tayari amekwisha kupasua, akifunua tawi moja baada ya jingine na kuyalinganisha, huku mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa dawa. Mwaka 2006 Jaume Masià na wenzake wa Barcelona walichapisha maelezo ya kutumia siti skani ya mishipa kupangia upasuaji huu, na tangu hapo hospitali nyingi zinazoufanya zimeifuata njia hiyo.

Haya yote sikuyajua siku nilipoishusha ile bahasha ya kaki. Ndugu yangu aliyeko Muscat alikuwa amepata mawasiliano ya daktari wa Chennai, India, na daktari huyo alikuwa amekubali kuangalia kwanza kama tumbo langu linafaa, kabla sijauza kiwanja changu cha Pongwe na kukata tiketi. Mdogo wangu wa kike akazibandika filamu dirishani, akazipiga picha kwa simu moja moja, akazituma. Jibu lilikuja siku ya tatu, la upole lakini fupi: hapo haoni mshipa hata mmoja wa kumsaidia, na anaomba picha ya mishipa ya tumbo, iliyo kwenye sidii, si kwenye filamu.

Nilikasirika, nakiri. Bima yangu haikuwa tayari kugharamia picha ya pili ya tumbo lilelile, na nilihisi nazungushwa. Aliyenituliza ni binti mmoja niliyemfundisha jedwali la kuzidisha miaka ya nyuma, ambaye sasa ni daktari wa radiolojia. Nilimkuta nyumbani kwao Raskazone siku ya Jumapili.

"Shikamoo Mwalimu," aliniambia, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii ina kasoro gani?"

Akazitoa filamu, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha la sebuleni, akasema hazina kasoro yoyote. Kisha akanieleza kwa subira ambayo natamani kila mwenye koti jeupe angekuwa nayo. Dawa ya kung'arisha mishipa ikichomwa kwenye mkono hufika kwanza kwenye ateri, na baadaye kidogo huenea kwenye ini na kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Anayetafuta saratani kwenye ini husubiri dakika moja na zaidi ndipo apige, kwa kuwa hapo ndipo ini linapong'aa na uvimbe unapojitenga. Anayetafuta ateri za tumbo hupaswa kupiga katika zile sekunde chache ambazo dawa bado imo ndani ya ateri. Akichelewa, amechelewa.

"Na jambo la pili, Mwalimu, angalia hizi," akaniambia, akaweka ncha ya kidole kwenye filamu. "Kompyuta hulikata tumbo vipande kama mkate. Hapa kila kipande kina unene wa milimita 5. Mshipa tunaoutafuta una upana wa milimita 2, pengine chini ya hapo. Ukikata mkate vipande vinene namna hii, zabibu iliyo katikati ya kipande utaionaje? Huyo daktari anahitaji vipande vya milimita 1 au chini yake."

Nikamwuliza kuhusu sidii. Akasema filamu ni vipande vichache vilivyochaguliwa na mtu mwingine kwa kusudi jingine, ilhali kwenye sidii vimo vyote, mamia kwa mamia, na mpasuaji anaweza kuvipitia juu hadi chini, kuvigeuza, kupima upana kwa milimita na kuunda umbo zima la tumbo kwenye kioo cha kompyuta yake. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu, tena dirishani na pazia likionekana nyuma, ilikuwa kivuli cha kivuli. Nilijifunza hapo kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa senti yoyote ya kipimo: picha hii inapigwa ili ionyeshe nini, na nitaondoka nayo kwa namna gani.

Binti yule alinisaidia kwa jingine. Alimwomba daktari wa Chennai aandike mwenyewe maelekezo ya picha anayoitaka, kwenye karatasi moja, nami nikaenda nayo Dar es Salaam nikaikabidhi mapokezini pamoja na cheti cha rufaa. Maelekezo yalisema wapige kuanzia juu kidogo ya kitovu hadi chini ya kinena, wapige wakati dawa iko kwenye ateri, na wakichukue pia kifua, kwa sababu mishipa ya nyuma ya mbavu ambayo titi jipya lingeungwa nayo ilikuwa upande uleule uliopigwa mionzi.

Kabla ya siku yenyewe nilipimwa kreatinini kwenye damu ili ijulikane hali ya figo, kwa kuwa dawa ile ina madini ya iodini na hutolewa mwilini na figo, hivyo figo dhaifu zinaweza kuumizwa nayo. Nikaulizwa pia kuhusu pumu, mzio na dawa za kisukari. Maswali haya mengine niliyajibu mara tatu kwa watu watatu, na sikuona taabu.

Taabu ilikuwa mkono. Upande wa kushoto niliondolewa tezi za kwapani, na tangu hapo nimeambiwa mkono huo usichomwe sindano wala kufungwa kipimo cha shinikizo la damu isipokuwa kwa dharura, usije ukavimba. Mkono wa kulia ndio uliopokea dripu zote za tibakemikali, na mishipa yake imekuwa migumu kama kamba ya katani. Mtaalamu wa mionzi alijaribu mara mbili akashindwa, akapata mshipa mdogo juu ya kiganja, nikashusha pumzi. Lakini akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba dawa husukumwa na mashine kwa kasi, mililita 4 hivi kwa sekunde, na mshipa mwembamba wa kiganjani ungepasuka. Akihiari kupunguza kasi, dawa ingefika ikiwa imechanganyika na damu nyingi na ateri zisingeng'aa. Akanipa chupa mbili za maji ninywe, akanifunika mkono kwa taulo lililochovywa maji ya moto, akaniacha nusu saa. Aliporudi akapata mshipa karibu na kiwiko, mara ya kwanza. Kwa hiyo mwanamke aliyepitia dripu namshauri asiharakishe hapo, na asione haya kusema mkono upi usiguswe, hata kama aliyeshika sindano ana haraka.

Nilikuwa nimejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, nimezikaza kiunoni kama tunavyojifunga huku kwetu. Yule mtaalamu, kijana mwenye lafudhi ya bara, akasimama kando ya meza akasita, kisha akamwita muuguzi wa kike anisemeshe.

"Mama, tafadhali legeza kanga, na nguo ya ndani nayo ishuke. Tumbo lisibanwe na kitu chochote."

Nikadhani ni kwa sababu ya vifungo au chuma. Akasema hapana, mishipa ya juu juu ikikandamizwa na mpira wa nguo au fundo la kanga haitajaa damu vizuri, na umbo la tumbo litabadilika, wakati daktari anataka kuliona kama litakavyokuwa siku ya upasuaji, mgonjwa amelala chali na tumbo limelegea. Akanifunika shuka jepesi. Jambo dogo kama hilo, kanga kulegezwa, sikulisoma kwenye karatasi yoyote.

Picha yenyewe haikuchukua muda wa kusimulia. Joto lilianzia kooni likashuka hadi nyonga, nikahisi kama nimejikojolea, jambo nililokuwa nimeonywa na bado likanishtua, mashine ikaniambia nizuie pumzi, meza ikatembea, basi. Niliomba sidii mbili, moja niisafirishe na moja ibaki nyumbani, na nikaomba mtu wa mapokezi aifungue kwenye kompyuta mbele yangu nione kwamba ina kitu ndani. Ya kwanza ilikuwa tupu. Wakaichoma upya.

Swali la mionzi lilinisumbua zaidi ya sindano. Nilikuwa nimepigwa mionzi ya tiba wiki tano, na sikutaka kuongezewa bila sababu. Binti yangu wa radiolojia alinilinganishia hivi: kila mtu duniani hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa wastani wa milisivati 2.4 hivi kwa mwaka, na picha kama ile humpa mtu kiasi cha miaka michache ya mionzi hiyo. Si bure, lakini kwa mtu anayekwenda kulala saa saba chini ya kisu ili mpasuaji ajue njia, aliona ni halali, nami nikaona hivyo. Ila alinionya nisikubali kurudia picha kwa uzembe wa mtu yeyote, na ndiyo maana ya kuleta maelekezo yaliyoandikwa.

Majibu kutoka Chennai safari hii yalikuja na michoro, na ndani yake mlikuwa na habari ambayo tumbo langu lilikuwa limeificha miaka 25. Mwaka 1996, nikiwa na miaka 24, nilipasuliwa kwa dharura kwa sababu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mpasuaji wa wakati ule alinifungua kwa wima, kulia kidogo ya kitovu. Kovu hilo nimelizoea hata silioni. Picha ilionyesha kwamba upande wa kulia matawi ya karibu na kitovu hayapo, yalikatwa siku ile, na yaliyobaki ni membamba. Upande wa kushoto kulikuwa na tawi moja zuri, lenye upana wa milimita 2 na nukta kadhaa, linalotokeza sentimita 3 kushoto na sentimita 1 chini ya kitovu, na lililopita ndani ya msuli kwa safari fupi. Tena akanieleza kwamba kwa kawaida damu inayoingia kwa tawi la upande mmoja huvuka katikati ya tumbo kwa vimishipa vidogo vya chini ya ngozi na kulisha sehemu ya upande wa pili, lakini kovu la wima huvikata vimishipa hivyo. Maana yake ni kwamba angeweza kutumia nusu ya kushoto tu ya tumbo langu. Nusu ya kulia ingekufa kifuani.

Hapo ndipo nilipotambua thamani ya picha ile. Bila hiyo, mpasuaji angekuja kuyaona haya mimi nikiwa nimelala, na uamuzi ungefanywa bila mimi. Badala yake niliusikia nikiwa nimekaa kwenye baraza yangu, mdogo wangu ameshika simu, na tukawa na wiki nzima ya kufikiri. Daktari alipima unene wa mafuta kwenye picha, akasema nusu hiyo itatosha titi dogo kuliko la kulia. Akanipa njia tatu: nikubali udogo huo, nipunguzwe titi la kulia baadaye ili yalingane, au aongeze kwa kuchukua pande zote mbili za tumbo, kila upande na mshipa wake, jambo ambalo lingerefusha upasuaji na kutegemea matawi dhaifu ya kulia. Nilichagua ya kwanza. Sikutaka titi langu zima liguswe kwa sababu ya lile lililougua.

Picha ikatoa na jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: tundu dogo la ngiri kwenye kitovu, halijawahi kuniuma. Daktari alifurahi kulijua mapema, kwa sababu katika upasuaji huu kitovu huzungushiwa kisu na kubaki kimeshikwa na shina lake, na asiyejua kwamba ndani ya shina hilo pana ngiri anaweza kukata utumbo, au kukiziba kitovu hadi kikose damu.

Tulisafiri mwaka 2022, mimi na mdogo wangu. Jioni ya kuamkia upasuaji daktari aliingia na kompyuta ndogo, rula na kalamu ya zambarau. Akanisimamisha, akachora mstari wa wima na wa mlalo vikutane kwenye kitovu, akaweka alama kila sentimita. Nilitaka kucheka na kulia, maana miaka 26 nimewachorea watoto wa darasa la saba mistari hiyohiyo ubaoni, na sasa ilikuwa juu ya ngozi yangu, kitovu kikiwa sifuri. Akahesabu 3 kushoto, 1 chini, akatia nukta. Nikalala chali, akaweka ncha ya dopla juu ya nukta ile, na papo hapo chumba kikajaa sauti, shuu, shuu, shuu, kama mtu anayefagia uwanja wa mchanga kwa mbali. Akaisogeza sentimita 1 pembeni, kimya. Akairudisha, ikarudi. Mdogo wangu alinishika mguu wa kulia tangu mwanzo wa kazi ile hadi mwisho.

Upasuaji ulichukua saa saba. Daktari aliniambia baadaye kwamba tawi alilikuta pale lilipopigiwa hesabu, lakini pia hakunificha yale ambayo picha haikumpa. Haikumwonyesha jinsi makovu ya mionzi yalivyogandamana na mshipa wa nyuma ya ubavu wa tatu, na kuufungua kulimchukua muda mrefu kuliko alivyopanga. Vena pia hazikuonekana vizuri kama ateri, kwa kuwa picha ilipigwa kabla dawa haijazifikia. Ila aliona vena moja ya juu juu, pana kuliko kawaida, karibu na kinena, na kwa sababu hiyo akaitunza wakati wa kupasua badala ya kuifunga. Damu ilipoonekana kutoka kwa shida kwenye titi jipya, akaiunga nayo hiyo. Nafikiri hapo ndipo tofauti ya mpasuaji na mpasuaji, kwamba yule aliyeisoma picha kwa makini aliona hata kile ambacho hakikupigiwa picha.

Usiku ule muuguzi alikuja kila saa na dopla, akaiweka kwenye uzi wa bluu uliotiwa mshono mmoja juu ya titi kuonyesha mahali pa kusikiliza. Kila niliposikia lile fagio likifagia nililala tena.

Nilirudi darasani baada ya miezi mitatu. Titi la kushoto ni dogo kuliko la kulia, kama nilivyoambiwa, na ngozi yake haina hisia. Tumbo lina kovu refu la mlalo linalokatiza lile la mwaka 1996. Naandika hadi juu ya ubao.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja kutoka Pangani, ameelekezwa na jirani yangu, kapakata bahasha ya kaki kama yangu. Tukazitoa filamu, tukaziinua dirishani. Pembeni ya kila picha, kwa maandishi madogo, imeandikwa unene wa kipande, nami siku hizi najua pa kutazama: milimita 5. Nikamwuliza tumbo lake limewahi kupasuliwa lini na wapi, akafunua kovu la mlalo la uzazi, akasema la wima hana. Nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari mambo ya kumwomba daktari wake ayaandike, na chini yake, kwa herufi kubwa, sidii mbili, zifunguliwe mbele yako. Akaikunja karatasi akaitia kwenye pindo la kanga, akaliwahi basi la saa tisa.